Ngozi Ndani ya Kardani

Nilisikia mulio mumoja tu, pa, kama muti mukavu unaovunjika chini ya muguu. Halafu chuma kikaanza kupigapiga chini ya kamionete, vumbi likaruka pande zote. Kamionete ilikuwa imetoka kwenye baki, kile kivuko cha muto, na kupanda nusu ya ule mulima wa kuingia Kindu, magunia ya mupunga nyuma, wanawake wawili wamekaa juu ya magunia. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake, kabari ya muti mukononi, maana njo ilikuwa desturi yetu pale: shofere anapanda, fundi anafuata kwa muguu na kabari. Kamionete ilisimama kidogo. Halafu ikaanza kurudi.

Shemeji yangu, bwana wa yaya wangu, dada yangu mukubwa, njo alikuwa kwenye volani, usukani mikononi. Alitoa kichwa dirishani, akaniangalia, hakupiga kelele. Akasema, «Shemeji, weka muti.»

Nikaweka. Gurudumu likapanda juu ya kabari, likairusha kando, likapita juu ya muguu wangu wa kuume. Nilianguka uso ukielekea majini, kwa hiyo niliona yote. Wale wanawake waliruka wakaanguka kwenye majani, wakapona. Shemeji pia angeweza kuruka. Lakini kule chini, pale baki inapofungwa, watu walikuwa wamejaa na vikapu vyao, wanangoja kuvuka, na kamionete ilikuwa inakwenda moja kwa moja juu yao. Nikaona magurudumu ya mbele yanageuka. Alikata volani mpaka mwisho. Kamionete ikaacha njia, ikapita pembeni ya wale watu, karibu sana, muzee mumoja kikapu chake kilichukuliwa, ikaingia Lualaba upande ule ambao hata wenye mitumbwi hawafiki na upondo wao. Iliingia kwa matako. Pua ilibaki juu kidogo, halafu na yenyewe ikaenda. Mupunga ukatoka kwenye magunia, ukaelea juu ya maji, eneo kubwa la rangi ya njano, na muto ukaubeba polepole kwenda chini.

Wavuvi walimutoa kesho yake asubuhi. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa, kama inashika kitu.

Nimeanza na ile kwa sababu ile njo watu wa Kindu waliiona. Sasa nirudi nyuma, kwa mambo ambayo hawakuona, maana yalifanyika ndani ya garaji na ndani ya biro, ile ofisi ya kampuni.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado, na hakuna muntu aliyewaza kwamba wataondoka. Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, nikaacha, nikafundishwa ufundi na muzee mumoja wa kazi ya chuma. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na mudomo. Kampuni iliyonipa kazi ilikuwa inanunua mupunga katika vijiji vya ng'ambo, njia ya Kalima, na kuuleta Kindu kukobolewa. Ilikuwa na kamionete moja ya zamani ambayo ilikuja Kindu imekwisha kuchoka, na shofere mumoja, shemeji yangu.

Yeye alikuwa musilamu wa zile nyumba za zamani za waungwana. Kwenye ubavu wa kamionete alitundika birika la maji ya kutawadha, na saa ya sala ikifika, hata kama tuko katikati ya pori, anasimamisha, anashuka, anasali, anapanda tena. Pombe hakuwahi kuitia mudomoni. Hata ile ya muchele ambayo wanakijiji walituletea kwa heshima, alinipa mimi na kusema, «Kunywa mara mbili, shemeji, na fungu langu.»

Sasa kardani. Ni ule muhimili wa chuma murefu unaolala chini ya gari na kupeleka nguvu ya mashini kwenye magurudumu ya nyuma. Kila ncha yake ina kiungo, kama goti la muntu. Ndani ya kiungo kuna kamusalaba kadogo ka chuma, na kila mukono wa kamusalaba unavaa kikombe, na ndani ya kikombe sindano nyingi nyembamba zimepangwa kuzunguka, zinaogelea katika mafuta mazito. Vumbi likiingia na mafuta yakiisha, sindano zinakuwa unga mwekundu. Kamusalaba kanakulwa, kanafanya mifereji ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Hapo gari linaanza kulia. Ukiondoka, tak. Ukibadili vitesi, zile gia, tak. Shofere mwenye masikio anajua: kiungo kinaomba.

Na jambo lingine, nalo lishikwe vizuri: freni ya mukono ya kamionete ile haikushika magurudumu. Ilishika kardani yenyewe, kule mbele. Kardani ikikatika kwa nyuma, freni ya mukono inashika chuma ambacho hakina gurudumu. Unaweza kuivuta mpaka mukono utoke begani, gari litakwenda tu.

Kiungo cha nyuma kilipoanza kulia mara ya kwanza, nilikitoa, nikakazungusha kale kamusalaba robo, ili upande usiokulwa upate kubeba. Hiyo dawa kila fundi anaijua, na ni dawa ya mara moja. Ilikaa musimu mumoja. Kilipolia tena nilimwendea mukubwa wa garaji. Jina lake siliandiki. Ni muzungu mufupi, mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa na gari lake mwenyewe la aina moja na kamionete yetu, la kwendea kuwinda siku ya dimansi, Jumapili. Kila muntu wa Kindu wa umri wangu amekwisha kumujua. Nilimwambia tunahitaji misalaba mipya miwili. Akasema ataandika barua, itatoka kusini na treni, ningoje.

Magari hayangoji, na mupunga haungoji. Ndipo nilifanya ile kazi ambayo ilinipa jina na kunila.

Yule mukubwa alikuwa na fimbo ya ngozi ya kiboko, ya kupigia watu. Ilichakaa, ikapasuka ncha, akaitupa. Nikaiokota. Nikachana ukanda mwembamba, nikaupunguza kwa kisu mpaka ukawa sawa na karatasi nene, nikauloweka siku mbili ndani ya mawese ya moto. Nikaufunga kwenye kila mukono wa kamusalaba, pale sindano zilipokuwa, nikagongea vikombe juu yake. Kamionete ikatoka garaji imenyamaza kama mutoto aliyeshiba.

Walicheka sana. Fundi wa garaji ya jirani, muntu wa Kibombo, mwenye ulimi, alikuwa anakuja kusimama mulangoni na kuuliza kama gari letu limekwisha kula nyama leo, maana la kwake linakula mafuta tu, ni la watu masikini. Shemeji naye kila asubuhi alipigapiga bodi na kuniuliza, «Munyama wako amelala vizuri?» Nami nilikuwa najibu amelala vizuri, amekunywa mawese. Nilijisikia mukubwa. Siku moja Wazungu wawili wa kampuni nyingine walikuja kuangalia, wakalala chini kabisa na mashati yao meupe, wakanipa sigara.

Lakini yule muzee aliyenifundisha alikwisha kuniambia, na maneno yake niliyajua: ngozi ni ya kurudi nayo nyumbani, si ya kuanza nayo safari. Gari limekwama porini, funga ngozi, rudi polepole, ukifika nyumbani tia chuma. Maana chuma kikichakaa kinalia, kinakuambia. Ngozi hailii. Inakulwa kimya, inakufunikia makelele, na kamusalaba kanakwisha ndani yake bila muntu kusikia. Niliyajua hayo, na nikayafunika na sifa.

Mukubwa wa garaji aliona kamionete inakwenda. Nilipomuuliza habari ya barua ya misalaba, aliniangalia kama muntu anayeombwa kitu mara mbili.

«Misalaba juu ya nini? Ngozi yako iko muzuri. Wewe fundi ya akili.»

Nilimwambia ngozi ni ya siku chache. Akasema basi nibadilishe kila wiki, ngozi haikosekani. Na kweli nikabadilisha kila wiki. Nikanunua ngozi kwa wawindaji, nikawa na ndoo yangu ya mawese pembeni na vipande vinalowa ndani kama nyama ya kuchemsha. Ilienda vile miezi mingi. Kila wiki nilimukumbusha, na kila wiki alinisifu. Sikujua bado kwamba sifa inaweza kuwa kufuli.

Halafu sanduku likafika. Mimi mwenyewe nililitoa kwenye treni. Ndani, misalaba miwili katika karatasi ya nta, sindano zinang'aa, kila moja mahali pake. Niliibeba mpaka garaji kama muntu anayebeba mayai. Mukubwa akaangalia, akasema, «Tia kwa gari yangu.»

Sikufahamu. Akarudia. Alikuwa anaenda kuwinda mbali, upande wa Tunda, na hakutaka kubaki njiani. Nikalala chini ya gari lake, nikatoa viungo vyake. Vilikuwa na ulegevu kidogo tu, vizima bado, vya kutumika mwaka. Nikamuomba basi hivyo vya zamani nivitie kwa kamionete. Akasema hapana, atavibeba kama akiba.

Mikono hii njo ilitia misalaba ya kamionete katika gari la kuwindia swala. Sikumwambia shemeji. Niliona haya. Ningemwambia nini? Kwamba nimekubali? Hakuna aliyeshika fimbo siku ile. Nilikubali tu, kwa kuzoea.

Wiki ile ile mavuno yalikuwa yamejaa ng'ambo, na mukubwa akataka kamionete itoke kila siku. Ngozi ilipaswa kubadilishwa, na vipande vilikuwa vimelowa siku moja, si mbili. Ngozi ambayo haijashiba mawese inakauka ndani ya kikombe na kuvunjika kama chapati ya jana. Nilimwambia mukubwa tungoje kesho. Akaniuliza nani anaongoza garaji hii. Akaenda zake.

Nilifunga ile ngozi. Nilipotoka chini ya kamionete, shemeji alikuwa anajaza birika lake. Safari hii hakuniuliza habari ya munyama. Aliniuliza sawasawa, kwa sauti ya muntu wa nyumbani.

«Shemeji, iko sawa?»

Nikasema, «Iko sawa.»

Maneno yenyewe ni hayo mawili. Tulivuka, tukapakia, tukarudi na wale wanawake wawili waliotuomba tuwabebe, tukapanda baki, tukashuka. Mengine mumekwisha kusoma. Ila niongeze hili: kardani ilipokatika kwa nyuma, ncha yake ilizunguka bado na nguvu ya mashini, ikapiga ule mufereji mwembamba unaopeleka mafuta ya freni ya muguu, ikaukata. Kwa hiyo shemeji hakuwa na mashini, hakuwa na freni ya mukono, hakuwa na freni ya muguu. Alibaki na volani. Akaitumia.

Mimi nililala lopitali ya watu weusi. Muguu ulikuwa umesagwa chini ya goti, na daktari alikuwa hajaamua kama ataukata. Homa ilinipanda, sikujua muchana wala usiku. Siku ya tatu karani wa kampuni alikuja. Huyu alikuwa muntu wetu, mwenye ngozi kama yangu, aliyesoma mpaka mwisho kwa mapadri, viatu vyake vyeupe, kalamu mbili mufukoni. Alikaa pembeni ya kitanda, akaniita ndugu. Akanipa pole. Akatoa karatasi imejaa maandishi ya Kifaransa, akasema ni ya daktari, ya kukubali muguu utunzwe kwa mali ya kampuni.

«Weka kidole hapa, ndugu yangu, upone.»

Alinishikia mukono mwenyewe, kwa upole, akapaka wino kwenye kidole gumba. Nikaweka.

Siku nne baadaye yaya akaja. Alikuwa amevaa nguo ya eda na hakupaswa kutoka nyumbani, nikajua ni jambo kubwa. Hakukaa. Alisimama muguuni pa kitanda, pale muguu wangu ulipokuwa umefungwa kwa mbao.

«Unasema bwana wangu alikunywa?»

Nilimuuliza nani amesema hivyo.

«Wewe. Karani ametusomea mbele ya watu wote. Shofere alikuwa amelewa, akasahau kuvuta freni, na muke wake atoke katika nyumba ya kampuni. Kidole chako iko chini ya karatasi. Nimekiona, kile chenye kovu.»

Kovu lile nilikatwa na bati utotoni, na yeye njo alinifunga kwa kitambaa chake. Angelijua katikati ya vidole elfu.

Nilimueleza. Nilisema yote, ngozi, sanduku, karatasi ya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema tu kwamba siku ya kumuzika mustari wa wanaume ulikuwa mufupi, kwa sababu habari ya pombe, iliyotoka biro hata kabla ya kidole changu, ilikuwa imetangulia mbele ya maiti. Watu aliosali nao miaka yote walibaki nyumbani. Akarekebisha shuka langu, kama tunavyofanya kwa mugonjwa yeyote, akaenda. Alikaa mwaka na nusu bila kunisemesha.

Walimutoa katika nyumba ya kampuni na watoto watatu. Alikwenda kukaa kwa shangazi wa marehemu, akauza maandazi pale pale kwenye njia ya baki. Kuna mulevi wa muji ambaye kila akipita alimuambia, kwa mapenzi kabisa, kwamba yeye na marehemu ni watu wa chupa moja. Yaya alimupa andazi, akaendelea kuuza.

Muguu haukukatwa, ila umepinda, natembea nao kama muntu anayepanda ngazi ambayo hakuna mwingine anayeiona. Nilipotoka lopitali nilikwenda biro, nikamwambia karani asome tena ile karatasi mbele yangu. Alisema imekwisha kupelekwa mbali. Nikaenda kwa mukubwa wa garaji. Hakunifukuza, hata alinipa kiti. Aliniambia mambo haya yamekwisha kuandikwa, na kilichoandikwa hakizungushwi robo kama kamusalaba. Alicheka kidogo. Alikuwa muntu wa kazi yangu, aliijua ile dawa.

Yule fundi wa Kibombo, mwenye ulimi, alipokuja kwangu hakuwa na utani. Wakati kamionete ilivutwa kutoka majini kwa kamba za chuma, yeye aliitwa kusaidia, na kabla Wazungu hawajafika aliingia chini, akafungua kiungo cha nyuma, akakificha ndani ya gunia. Aliniletea nyumbani, akaweka mezani. Alisema, «Nilikucheka sana, ndugu. Chukua hiki, kitasema siku moja.» Ninacho mpaka leo. Mukono mumoja wa kamusalaba umekatika, na ndani ya kikombe kuna ngozi kavu, nyeusi, imevunjika vipande vipande. Upande mumoja bado unaweza kuona ilivyochanwa kwa kisu changu.

Sasa bendera imebadilika. Mukubwa wa garaji amerudi kwao zamani. Karani yuko hapa hapa Kindu, amekuwa muntu wa biro kubwa zaidi, watu wanasimama akipita. Nilijifunza kuandika vizuri nikiwa muntu muzima, jioni kwa jioni, kwa ajili ya hii tu, musinicheke herufi. Nimemuandikia mara tatu. Hakujibu. Tukikutana ananiita ndugu bado, ananiuliza habari ya muguu.

Basi nasema mbele ya kila muntu anayesoma. Wewe mukubwa wa garaji, kama uko hai kule kwenu: misalaba ya kamionete ilikuwa katika gari lako la kuwinda, ulijua, na ulijua nilikwambia tungoje kesho. Jibu. Mimi fundi nimekwisha kujibu: nilisema «iko sawa» na haikuwa sawa, na nitalisema hilo hata mbele ya Mungu, silifichi. Na wewe karani, ndugu yangu. Muntu aliyelewa hakati volani ili kuokoa watu asiowajua. Uliyajua hayo, wale wanawake wawili walikuja biro yako kukuambia, ukawarudisha.

Yaya anazeeka. Haombi nyumba, haombi mupunga. Anataka usimame mulangoni pa musikiti siku ya Ijumaa, watu wakitoka, useme kwa kinywa chako kwamba bwana wake hakunywa. Kifaransa hakitakiwi, sema kwa lugha ya hapa. Nimeandika pia karatasi moja fupi yenye maneno hayo hayo, sentensi mbili, unaweza kuisoma mwenyewe kabla, si kama mimi siku ile. Wino nitaleta. Kidole changu kiko chini tayari, na kovu lake. Nangoja chako.